Kebo Iliyopita Mtihani Ikashindwa Kazi

Najua katika kurasa za jarida letu wengi wataandika juu ya nidhamu, ulevi na mapenzi ya shuleni, nami nawapisha. Mhariri ameniomba nieleze jambo lililonipa aibu muhula wa pili, ambalo hatimaye lilinifunza fizikia kuliko kitabu chochote. Jambo lenyewe ni nyaya.

Sisi ni wanafunzi wa kutwa. Kengele ya jioni ikilia tunashika njia, na wengi wetu hatuna kompyuta nyumbani. Kwa hiyo saa ya chakula cha mchana chumba cha kompyuta hujaa kama soko siku ya mnada. Wanachama tukaamua kompyuta moja ihamishwe hadi maktaba, upande wa pili wa ua, iunganishwe kwa kebo. Kila mmoja alichanga shilingi 50. Mimi nikatumwa mjini kununua kebo na vichwa vyake vya plastiki, kwa kuwa nilikuwa nimetengeneza kebo fupi za mita mbili mbili mara kadhaa na zote zilikubali. Tulipopima kwa kamba kutoka chumba hadi chumba tulipata mita 62.

Nilifanya kazi ile kwa madaha yote. Ndani ya kebo kuna nyaya nane za shaba, zimesokotwa mbili mbili, hivyo ni jozi nne: ya chungwa, ya kijani, ya buluu na ya kahawia. Katika kila jozi waya mmoja una rangi kamili na mwenzake ni mweupe wenye mstari wa rangi hiyo. Nikazipanga jozi kwa jozi, bega kwa bega, kuanzia nambari 1 hadi 8, na upande wa pili vivyo hivyo. Tukaleta kile kipimo chenye taa nane. Taa zikawaka moja baada ya nyingine, moja mpaka nane, huku na huku sawasawa. Watu wakapiga makofi.

Basi tukachomeka. Taa ya mtandao ikawaka, ikazimika, ikawaka tena. Ukurasa mmoja ulikaa dakika nzima ukitokea nusu, kisha ukakatika. Tulijaribu hadi kengele ikalia. Kesho yake maneno yakaanza: ati kebo ni bandia, ati nilinunua ya bei rahisi nikala chenji. Mweka hazina alinitaka nitoe risiti mbele ya watu wote. Nilikuwa nayo, nikaitoa, lakini risiti husema bei tu, haisemi kama kitu ni kizima. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Wiki iliyofuata alikuja fundi kurekebisha printa ya afisi. Nikamwomba aitazame kebo yangu. Aliangalia kichwa kimoja tu, wala hakuchukua kipimo.

"Kijana, nani alikufunza kupanga rangi hivi?"

"Nilijipangia mwenyewe, fundi. Nilifuata jozi."

"Hapo ndipo ulipopotea," akasema. Akakata vichwa vyote viwili, akatia vipya, na kwa muda wa dakika kumi hivi maktaba ilikuwa na mtandao. Kebo ni ile ile, shaba ni ile ile. Alichobadilisha ni mpango wa rangi tu: mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, buluu, mweupe-buluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Yaani jozi ya kijani imetanua miguu, mguu mmoja nambari 3 na mwingine nambari 6, na jozi ya buluu imekaa katikati yake. Nilipouliza kwa nini, alinijibu, "Ndivyo zinavyopangwa," akabeba mkoba wake akaenda.

Jibu hilo halikunitosha. Umeme haujui rangi. Ikiwa waya wa nambari 3 huku umefika nambari 3 kule, na wa 6 umefika 6, umeme una haja gani na mstari wa kijani? Nilikwenda kwa mwalimu wetu wa fizikia nikiwa na swali hilo hilo, naye badala ya kunijibu alinituma nilete kufuli mbili zinazofanana.

Ukitaka, msomaji, jaribu nyumbani. Funga kamba baina ya viti viwili, usiikaze sana. Kwenye kamba hiyo ning'iniza kufuli mbili kwa nyuzi za urefu mmoja, ziachane kama kiganja kimoja. Sasa isukume moja tu. Itabembea, halafu polepole itaanza kuchoka, na ile ya pili ambayo hakuna aliyeigusa itaanza kubembea. Baada ya muda ya kwanza itasimama kabisa na ya pili itakuwa imechukua mchezo wote. Kisha mambo yatageuka, ya pili irudishie ya kwanza. Kwa sababu zote mbili zinavuta kamba moja, hakuna inayoweza kutikisika bila mwenziwe kupata habari.

Lakini zipo namna mbili za kuzisukuma ambazo hazina kupokezana kokote. Ukizisukuma zote pamoja upande mmoja, zitabembea pamoja hadi zichoke. Ukizivuta moja huku na nyingine kule, kisha ukaziachilia kwa wakati mmoja, zitapishana hivyo hivyo hadi mwisho. Mwalimu akasema hiyo ndiyo miendo miwili ya asili ya mfumo huu: mwendo wa pamoja na mwendo wa kupingana. Kitaalamu huitwa modi. Kila mwendo una wakati wake wa kubembea, na hakuna unaomwagika ndani ya mwingine. Na ile kufuli moja iliyosukumwa peke yake? Hiyo, akasema, ni nusu ya mwendo wa pamoja iliyochanganywa na nusu ya mwendo wa kupingana. Miendo hiyo miwili haitembei sambamba, mmoja humwacha mwenzake nyuma, ndipo jumla yake huonekana kama mchezo unahamia kwa jirani.

Hapo ndipo nilipoanza kuona mwanga. Nyaya mbili zilizo karibu ni kama zile kufuli. Kamba yao ni uga wa umeme na uga wa sumaku ulio baina yao. Waya mmoja ukibeba mkondo unaobadilika, uga wake unaukata waya wa jirani na kuuamsha. Pia nyaya mbili ni kama sahani mbili za kapasita tuliyosoma darasani: volti zikipanda huku, chaji inasogea kule. Watu wa zamani wa simu waliijua shida hii kwa masikio yao wenyewe. Walikuwa wakisikia mazungumzo ya jirani ndani ya simu yao.

Mwanzoni simu zilitumia waya mmoja tu, na mkondo ulirudi kupitia ardhini. Huo ulikuwa uchoyo wa shaba, na gharama yake ilikuwa kelele. Mitambo ya telegrafu ilisikika, na reli za umeme za mijini zilipoanza mambo yakazidi, kwa sababu ardhi ni ya wote na kila mkondo hupita humo. Mnamo mwaka wa 1881 Alexander Graham Bell alipata hataza ya kutumia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi. Ukisikia hivyo waweza kudhani ni jambo dogo la kupunguza nafasi. La hasha. Ndani ya msokoto huo mna akili nyingi.

Tazama. Kelele inayotoka nje, tuseme kutoka kwa taa za darasani au waya wa stima uliopita karibu, inapiga nyaya zote mbili za jozi. Kama nyaya hizo zinabadilishana nafasi kila baada ya sentimita chache, hakuna mmoja ulio karibu na adui daima. Zote hupata kipigo kile kile. Kelele basi husafiri katika mwendo wa pamoja. Ujumbe wetu nao tunautuma kwa kupingana: waya mmoja unapanda, mwenzake unashuka kwa kiasi hicho hicho. Kule mwisho mpokeaji hutazama tofauti tu baina ya nyaya mbili. Kitu kilichoongezwa sawa kwa wote hakiongezi tofauti. Kelele imefika, naam, lakini imefika kwa mlango ambao hakuna anayeufungua.

Msokoto huo huo pia unazuia jozi isiwasumbue majirani, kwani kinachovuja kutoka kwa waya mmoja hufutwa na kinachovuja kutoka kwa mwenzake. Ukivua ngozi ya nje ya kebo utaona pia kwamba jozi hazikusokotwa kwa kiasi kimoja. Moja imekazwa zaidi, nyingine imelegea. Mimi nilidhani ni uzembe wa kiwanda. Kumbe zikisokotwa sawasawa, jozi mbili zingeenda kwa hatua moja na waya ule ule ungekutana na jirani yule yule njia nzima.

Sasa rudi kwa kosa langu. Mtandao wetu wa shule, ambao hupitisha biti milioni 100 kwa sekunde, hutuma ujumbe kwa pini 1 na 2 na kupokea kwa pini 3 na 6. Kwa mpango wangu, 1 na 2 zilikuwa jozi halisi, hapana neno. Lakini pini ya 3 niliitia mweupe-kijani na ya 6 nikaitia buluu. Wawili hao hawakusokotwa pamoja! Mweupe-kijani amekumbatiana na kijani, na buluu amekumbatiana na mweupe-buluu. Niliwaoza watu wawili ambao kila mmoja ana mke wake.

Mwalimu akaniandikia hesabu ubaoni, nami nainakili hapa kwa sababu ndiyo iliyonishangaza kuliko yote. Tuseme wakati ishara inaingia, mweupe-kijani ana volti +1, kijani 0, mweupe-buluu 0, na buluu -1. Hiyo inaweza kugawanywa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza: jozi ya kijani inapingana ndani kwa ndani, +½ na -½. La pili: jozi ya buluu nayo inapingana ndani kwa ndani, mweupe wake +½ na buluu -½. La tatu: nyaya zote mbili za kijani zina +½, na zote mbili za buluu zina -½. Jumlisha waya kwa waya: ½ na ½ ni 1, -½ na ½ ni sufuri, ½ na -½ ni sufuri, -½ na -½ ni -1. Imetimia.

Angalia fungu la tatu. Hapo jozi nzima ya kijani imekuwa kama waya mmoja, na jozi nzima ya buluu imekuwa waya wa kurudi. Hizo "nyaya" mbili nene hazikusokotwa ipasavyo, kwa hiyo zinapokea kelele na kuvujisha ovyo. Isitoshe, kila mwendo una ukinzani wake wa wimbi. Mashine zimetengenezwa kuipokea jozi iliyosokotwa, ambayo ukinzani wake ni omu 100. Wimbi la mwendo mwingine likifika mwisho wa kebo halikubaliki lote; sehemu yake hugonga na kurudi kama mwangwi. Ishara yangu moja iligawanyika njia tatu, na kila njia ikafika na hadithi yake.

Mbona basi kebo zangu za mita mbili zilikubali, na kipimo kikasema sawa? Kipimo chetu kinatumia betri. Kinauliza swali moja tu: je, waya umekatika? Kwa umeme wa polepole namna hiyo uga hauna haja ya kuhesabiwa. Lakini mtandao hutuma alama milioni 125 kwa sekunde katika jozi moja. Ndani ya kebo mawimbi hukimbia takriban theluthi mbili ya kasi ya mwanga, yaani karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Gawanya, utapata kwamba kila alama ina urefu wa mita 1.6 tu. Katika kebo ya mita mbili mna alama moja na kidogo, na nafasi ya kuvujiana ni fupi. Katika mita 62 mna alama karibu 39 zikifuatana kama siafu, zote zikivuja njia nzima. Hiyo risiti niliyoulizwa isingeonyesha jambo hili hata kidogo.

Kuna kichekesho hapa. Lile fungu la tatu, ambalo kwangu lilikuwa balaa, wahandisi wa zamani walilitafuta kwa makusudi. Mwaka wa 1882 Frank Jacob, aliyekuwa London, alibuni namna ya kuzitumia jozi mbili za simu kupitisha mazungumzo matatu. Mazungumzo mawili hupita kila moja katika jozi yake, kwa kupingana. La tatu hupita kwa kuifanya jozi nzima kuwa waya mmoja. Miaka minne baadaye, 1886, John J. Carty wa Marekani aliliboresha kwa kutumia transfoma, ambapo mazungumzo ya tatu huingizwa katikati ya koili ili yagawanyike sawasawa kwa nyaya zote mbili. Waliiita njia ya mzuka, kwani haina waya wake yenyewe. Watu watatu wanazungumza na watu watatu juu ya nyaya nne, na hakuna anayemsikia mwenziwe, mradi nyaya zilingane kabisa. Waya mmoja ukiwa na kutu kwenye kiungo, mizuka inaanza kusikika kweli.

Mwalimu alinipa zoezi nihesabu miendo yote ya kebo ya nyaya nane. Jozi nne, kila moja na kupingana kwake, ni minne. Jozi dhidi ya jozi, mizuka miwili. Mzuka dhidi ya mzuka, mmoja. Na nyaya zote nane pamoja dhidi ya ardhi, mmoja. Jumla minane. Nyaya ngapi, miendo mingapi. Hiyo ni kanuni: ukiongeza waya umeongeza mwendo.

Nilidhani habari hii ni ya kompyuta na simu peke yake mpaka nilipotazama zile laini kubwa za stima zinazopita kwenye milingoti ya chuma. Kila laini ina nyaya tatu zinazobeba mzigo. Tatu, basi miendo mitatu: mmoja ambapo zote tatu zinakwenda pamoja na kurudi kwa njia ya ardhi, na miwili ambapo zinapeana na kurudishiana zenyewe kwa zenyewe angani. Kwenye laini ndefu wahandisi huzibadilisha nafasi nyaya hizo njiani, kushoto ije katikati, katikati iende kulia, ili zifanane. Ni msokoto ule ule wa Bell, ila hatua zake ni za kilomita nyingi. Aliyewarahisishia wahandisi hesabu ya nyaya tatu ni mwanamke, Edith Clarke wa Marekani. Alipata shahada ya uzamili ya uhandisi wa umeme katika chuo cha MIT mwaka wa 1919, wa kwanza kwa wanawake pale, na tangu 1947 alifundisha uhandisi huo katika Chuo Kikuu cha Texas. Njia yake huchukua nyaya tatu zilizofungamana na kuzigeuza kuwa "nyaya" tatu za kufikirika ambazo hazisumbuani, ukazitatua moja moja, kisha ukarudi. Ni ile hesabu ya ubaoni. Wasichana wa Kidato cha Pili mnaotaka kuacha fizikia, mmesikia.

Hapa mfano wa kufuli unaanza kuchechemea, heri niseme wazi. Kufuli zina miendo yenye nyakati tofauti. Mawimbi ya nyaya, kama nyaya zimezungukwa na kitu kimoja tu, na ardhi ikawa inapitisha umeme barabara, hukimbia kasi moja katika miendo yote. Kinachotofautiana ni ukinzani wa wimbi. Lakini ardhi halisi ni mchanga, mawe na unyevu, si shaba. Kwa hiyo ule mwendo wa laini za stima unaorudi kwa ardhi huchelewa na kudhoofika zaidi kuliko ile miwili ya angani. Wahandisi hunufaika na uchelewaji huo. Mti ukiangukia laini, mshtuko huanza safari katika miendo yote kwa wakati mmoja, na kituoni unafika kwanza wa angani halafu wa ardhini. Kutokana na pengo hilo wanaweza kukadiria mti umeanguka umbali gani, kama vile sisi tunavyohesabu sekunde baina ya radi kumulika na kunguruma.

Mkiulizwa sababu ya kuweka buluu katikati ya kijani, hiyo si fizikia bali ni urithi. Soketi za simu hutumia pini za katikati kwa laini ya kwanza, nao waliopanga mtandao waliheshimu mahali hapo. Fizikia inataka tu 3 na 6 ziwe mume na mke halali.

Mweka hazina alikuja kuniomba radhi siku ya Ijumaa, akiwa na kitumbua mkononi. Nilikipokea. Vile vichwa viwili alivyovikata fundi bado ninavyo ndani ya kibweta cha vyombo vya hesabu, na anayetaka kuviona anipate Kidato cha Tatu Mashariki, dawati la pili karibu na dirisha. Aje na kufuli mbili, zangu zimerudi mlangoni nyumbani.